Mtoto ana selimundu (sikoseli): mazoezi ya nyumbani, hatua kwa hatua

Kila siku ya kliniki, pale kwenye benchi tunaposubiri kuitwa, swali ni lile lile. Mzazi mgeni anamwona binti yangu akirukaruka koridoni, ananisogelea na kuuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, na huyu pia ana sikoseli? Mbona unamwacha aruke?" Nimelijibu mara nyingi hadi nimeona heri niandike, anayeuliza nimpe karatasi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisumu, si daktari. Yaliyomo humu nimefundishwa na wauguzi na wataalamu wa tiba ya viungo waliotuhudumia, na mengine nimeyajua kwa kukosea. Kosa langu kubwa ni hili: binti yangu akiwa Gredi ya kwanza hadi ya tatu, kila kipindi cha michezo nilimkalisha chini ya mwembe awashikie wenzake viatu. Nilidhani namlinda. Alipofika miaka tisa alikuwa hapandi ngazi bila kushika ukuta, na kushikwa na maumivu kulikuwa pale pale. Mtaalamu alipompima nguvu za mapaja alisema udhaifu ule haukuletwa na damu peke yake. Ulitokana na kukaa.

Nadharia ni fupi. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni laini na huishi siku 120 hivi. Za mtoto wetu hujikunja kama mundu, huishi siku 10 hadi 20 tu, na hukwama kwenye mishipa myembamba. Kinachozichochea zijikunje ni kukauka maji mwilini, baridi, homa, na kujikaza hadi pumzi ziishe. Kutembea hakumo. Kucheza hakumo. Kilichomo ni kucheza bila maji, kwenye mvua, hadi aheme. Kwa hiyo kanuni ya mwongozo huu wote ni moja: mtoto apumzike kabla hajachoka, na yeye mwenyewe ndiye mwenye haki ya kusema basi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Hakuna cha kununua ghali. Tafuta chupa ya maji ambayo ni ya mtoto peke yake, mkeka au leso ya kutandika, stuli imara, simu yenye saa ya kuhesabu dakika, na daftari. Tafuta themomita, kwa maana kugusa paji la uso si kipimo. Raba zinazomtosha vizuri pamoja na soksi. Za mitumba pale soko la Kibuye zinafaa, ila hakikisha hazimkwaruzi kifundo cha mguu. Wenye selimundu, hasa wakishabalehe, hupata vidonda vya kifundo ambavyo huchukua miezi kupona, na chanzo kinaweza kuwa mkwaruzo wa kiatu au kuumwa na mbu. Weka pia sweta na fulana kavu ya kubadilisha. Chupa mbili za plastiki za nusu lita zikijazwa maji huwa vyuma vya nusu kilo kila kimoja.

Dawa zake ziwe zinaendelea kama alivyoandikiwa: asidi ya foliki, kinga ya malaria, haidroksiyurea kama yuko kwayo, na penisilini kwa wadogo. Mazoezi hayachukui nafasi ya hata moja kati ya hizo.

Hatua ya 1: Uliza kliniki maswali yenye meno

Ukiuliza "anaweza kufanya mazoezi?" utajibiwa "ndiyo, mepesi" na utarudi nyumbani ulivyokuja. Uliza hivi: Kipimo chake cha damu (himoglobini) siku ambayo hajaugua ni ngapi? Wengu wake umevimba? Nyonga zimekaguliwa? Amewahi kupimwa mishipa ya damu ya kichwani? Je, akimbie, aruke, acheze mpira wa kugongana? Andika majibu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Usiendelee na hatua zinazofuata bila mpango maalumu wa mtaalamu kama mtoto amewahi kupata kiharusi, anachechemea, ana maumivu ya kinena, ana wengu mkubwa, au ametoka wodini juzi. Hospitali za rufaa za Kisumu, Kakamega na Nakuru zina idara za tiba ya viungo. Kwa sisi wa Kisumu, ni ile ambayo wazee bado wanaiita Russia. Omba barua ya kwenda huko. Watu wengi hawapelekwi kwa sababu tu hawakuomba.

Hatua ya 2: Chagua saa na mahali

Kisumu na ukanda wa ziwa: kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi, au jioni baada ya saa kumi na moja jua likipoa. Ila jioni zetu mnazijua, wingu la ziwani likitanda una dakika chache tu kabla ya mvua. Ingia ndani mapema, usingoje tone la kwanza.

Nakuru, Molo au Eldoret ni kinyume. Huko adui ni baridi ya asubuhi, hasa Juni na Julai. Ngoja hadi saa nne jua liwake, na mtoto aanze akiwa na sweta. Safari ya darasa ya kupanda Menengai si zoezi la kuanzia: kule juu ni zaidi ya mita 2,000, kuna mlima na upepo. Kama lazima aende, apande na gari.

Hatua ya 3: Maji kwanza

Figo za mtoto mwenye selimundu hazibani mkojo kama za wengine. Maji hupita tu, hata siku ambayo mwili unayahitaji. Kwa hiyo usingoje aseme ana kiu.

Hesabu ya siku nzima ni hii: kilo 10 za kwanza za uzito wake, mililita 100 kwa kila kilo, kilo 10 zinazofuata, mililita 50 kwa kila kilo, kilo zinazobaki, mililita 20 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 20 anahitaji lita moja na nusu. Wa kilo 32 anahitaji mililita 1,740. Uji, supu na maziwa vinahesabiwa. Siku ya jua kali au ya mazoezi, ongeza. Kikombe kimoja nusu saa kabla ya kuanza, kisha mafunda machache kila anapopumzika. Vile vinywaji vya kopo vya "kuongeza nguvu" ambavyo vijana wanavipenda, hapana.

Hatua ya 4: Ukaguzi wa dakika moja

Kabla ya kila zoezi, mtazame. Alilala vizuri? Kuna mahali panapouma? Ana homa? Macho yamekuwa ya njano kuliko kawaida yake? Viganja vimepauka? Mlaze chali upapase taratibu chini ya mbavu za kushoto. Muuguzi atakuonyesha jinsi ya kuuhisi wengu, na ni ujuzi unaostahili kila mzazi. Jibu moja likikutia wasiwasi, leo ni siku ya kupumua tu (hatua ya 8) au ya kwenda hospitali.

Onyo: usimpe dawa ya maumivu ili aweze kucheza. Nimewaona wazazi wakifanya hivyo siku ya mashindano ya shule. Utakuwa umezima kengele na moto unaendelea.

Hatua ya 5: Pasha mwili joto, dakika 10

Atembee polepole, azungushe mabega, ainue magoti kama anayevuka matope, ajinyooshe akiwa amesimama. Watoto wengine huishia dakika tatu. Wetu wanahitaji kumi kamili, kwa maana mwili wao haupendi kushtuliwa. Sweta livuliwe mwisho wa hatua hii, si mwanzo.

Hatua ya 6: Kazi yenyewe, kwa vipande

Weka saa. Dakika mbili za kazi, dakika mbili za kupumzika, mara tano. Hizo ni dakika 20, na zinatosha kwa wiki mbili za kwanza, siku tatu kwa wiki. Kazi ni nini? Kutembea haraka, kucheza ngoma ya redioni, kati (ule mchezo wa kukwepa mpira) kwa mpira wa soksi, kuendesha baiskeli mahali tambarare. Brikicho ni zuri ajabu kwa sababu kujificha ndiko kupumzika, na mtoto haoni aibu ya kusimama.

Kipimo cha ukali ni mdomo. Akiweza kusema sentensi nzima bila kukatika, yuko sawa. Akiweza kuimba ubeti mzima, anaweza kuongeza kidogo. Akijibu neno moja moja, simamisha hata kama saa haijalia.

Wiki ya tatu fanya dakika tatu za kazi kwa mbili za kupumzika. Wiki ya tano, nne kwa mbili. Wiki ya nane, tano kwa mbili, na hapo binti yangu alikaa miezi kadhaa, sikuona haja ya kumsukuma. Ongeza kitu kimoja tu kwa wakati: ama dakika, ama siku, ama kasi. Ukiongeza vyote, akishikwa hutajua nini kilimponza.

Mapumziko ndiyo sehemu ambayo wazazi huiiba. Mtoto anaonekana ana nguvu, anacheka, unamwambia "endelea tu." Kumbuka kwamba maumivu ya selimundu mara nyingi hayaji uwanjani. Huja usiku.

Shirika la Afya Duniani linasema watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku. Usishtuke. Kutembea kwenda shule kunahesabiwa, kufagia kiwanja kunahesabiwa, hata ngoma ya kanisani. Ila mtungi wa lita 20 kichwani akipanda kilima juani, huo si mchezo. Mpe wa lita tano.

Hatua ya 7: Nguvu za misuli, siku mbili au tatu kwa wiki

Hapa ndipo binti yangu alipoziweza ngazi. Kila zoezi mara 8, pumziko la dakika mbili, kisha mara 8 tena:

Kuketi kwenye stuli na kuinuka bila kushika kitu. Ashuke akihesabu hadi tatu; kushuka polepole ndiko kunakojenga paja.

Alale chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, ainue makalio hadi mwili unyooke, ashushe.

Alale ubavu, ainue mguu wa juu ukiwa umenyooka. Hili ni la nyonga, wasiliruke.

Asukume ukuta kwa mikono miwili, viwiko vikikunjwa na kunyooshwa.

Ainuke kwa vidole vya miguu akishika kiti.

Zile chupa za nusu lita zije baada ya mwezi, za kuinua mikono. Asizuie pumzi anapoinua. Ahesabu kwa sauti, hatasahau kupumua.

Hatua ya 8: Kupumua

Hili hufanywa kila siku, mzima au mgonjwa. Aketi wima, avute pumzi polepole kwa pua hadi mbavu za chini zipanuke, azuie akihesabu hadi tatu, atoe kwa mdomo kama anayepoza uji. Mara 10. Wadogo wapewe mrija na povu la sabuni.

Hatua ya 9: Kumaliza

Dakika tano za kutembea polepole, maji, kisha nguo kavu mara moja. Fulana yenye jasho kwenye upepo wa jioni ni baridi tosha ya kumletea maumivu. Andika kwenye daftari: tarehe, dakika, alichofanya, alivyolala usiku ule.

Siku za kushikwa

Maumivu yakimshika, hatua ya 5 hadi ya 7 zinasimama. Maji, joto, dawa alizoandikiwa, kupumzika. Lakini hatua ya 8 inaongezeka: pumzi 10 kila saa mbili akiwa macho, hasa mbavu au mgongo ukiuma. Mtoto mwenye maumivu ya kifua hupumua juu juu kwa kuogopa, mapafu ya chini hayapati hewa, na hapo ndipo kifua kibaya, yaani ugonjwa mkali wa mapafu wa selimundu, huanzia. Akiweza kuketi kwenye kiti badala ya kulala siku nzima, aketi.

Onyo kubwa: usiweke barafu. Shuleni mtoto akiumia goti mkono wa kwanza hukimbilia barafu, na kwa wengine ni sawa. Kwa mwenye selimundu barafu hubana mishipa na kuongeza kukwama kwa damu. Tumia chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo, isiwe ya kuunguza. Wala msimchue kwa nguvu mahali palipovimba, hata kama jirani ana mkono mwepesi na mafuta ya miti shamba.

Akipona, asirudi alipoachia. Siku mbili za kutembea tu, kisha nusu ya dakika za zamani kwa wiki moja.

Nenda hospitali sasa hivi, usingoje siku ya kliniki, ukiona: joto la nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, au maneno kuvurugika, tumbo la kushoto kuvimba ghafla na viganja kupauka, kichwa kuuma vibaya. Kwa wavulana, uume kusimama na kuuma zaidi ya saa mbili. Hili la mwisho wavulana hulificha kwa aibu hadi asubuhi. Baba, au mjomba, azungumze naye mapema, kabla halijatokea.

Vijana wa miaka 12 kwenda juu

Watoto hawa mara nyingi hukua polepole na kubalehe kwa kuchelewa. Mvulana wa miaka 15 anaweza kuwa na mwili wa miaka 12, na kumpanga na wenzake wa rika lake ni kumwonea. Mpange na wanaolingana naye kwa mwili.

Mpira wa miguu wanaruhusiwa wengi wao, kwa kubadilishwa kila dakika chache. Kila kocha hutaka kumweka golini "apumzike." Mimi sikubaliani. Golini anasimama kwenye baridi, kisha ghafla anagongwa tumboni, na mwenye wengu mkubwa hapaswi kugongwa tumboni. Kwa sababu hiyo hiyo raga na ndondi waachie wengine. Kuogelea, bwawa lenye jua kali adhuhuri, muda mfupi, taulo mlangoni. Ziwani hapana: maji ni baridi asubuhi, na kuna kichocho.

Ndugu zake wenye AS, yaani waliorithi jeni moja tu ya selimundu, wanaweza kucheza kama wengine. Nao wanywe maji, na wasianze kwa mbio za ghafla kwenye jua.

Matatizo yanayojitokeza

Anashikwa usiku baada ya mazoezi. Fungua daftari. Karibu kila mara utakuta siku hiyo maji yalikuwa machache, au nguo zilibaki mbichi, au uliongeza dakika. Rudi nyuma wiki mbili. Ikitokea tena, mwone daktari.

Miguu inamuuma siku ya pili, lakini si kama kushikwa. Muulize yeye. Watoto hawa wanajua tofauti. Uchovu wa misuli huuma akiguswa au akisogea, pande zote mbili, na huisha kwa siku mbili tatu. Maumivu ya mfupa yanayodunda hata akilala kimya ni mambo mengine.

Anachechemea, au kinena kinamuuma, au hawezi kupanua miguu kuvaa soksi. Simamisha kuruka na kukimbia leo. Hiyo inaweza kuwa nyonga, ambapo kichwa cha mfupa wa paja kinakosa damu na kuanza kufa. Picha ya eksirei ya mwanzoni huweza kuonekana safi, kwa hiyo akiendelea kuchechemea usikubali kurudishwa nyumbani na maneno ya "ni kawaida." Blada (mchezo wa kuruka mpira uliovutwa) na kuruka kamba haviruhusiwi mpaka nyonga ziwe zimekaguliwa.

Anakojoa kitandani tangu aanze kunywa maji mengi. Usipunguze maji, yasogeze: mengi yaishe kabla ya saa kumi na mbili jioni, kisha umwamshe mara moja usiku. Na asichapwe wala kuchekwa. Ni figo, si uvivu.

Nyanya yake hataki. Usibishane naye. Mwite aje ashike saa ya kuhesabu mapumziko. Mama yangu sasa ni mkali kwa zile dakika mbili kuliko mimi.

Mwalimu anamkataza kabisa, au anamkimbiza kama adhabu ya kuchelewa. Yote mawili yametupata, katika shule mbili tofauti. Maneno ya mdomo husahaulika, peleka barua. Hii ndiyo tunayotumia, iambatanishe na ya daktari:

Kwa Mwalimu Mkuu na mwalimu wa michezo. Mtoto wetu ana selimundu. Tunaomba ashiriki michezo pamoja na wenzake, na apumzike anapotaka bila kuomba ruhusa. Awe na chupa ya maji darasani na aruhusiwe kwenda msalani wakati wowote. Asicheze kwenye mvua wala kubaki na nguo mbichi. Asipewe adhabu ya kukimbia, kupiga magoti au kusimama juani. Akiumia, asiwekewe barafu. Akipata homa, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, au mwili ukilegea upande mmoja, mpelekeni hospitali mara moja na mtupigie simu mkiwa njiani, msisubiri tufike. Nambari zetu mbili ziko chini.